Kengele ya Mazuku na Uso wa Mheshimiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Divisheni aliniuliza nilisomea nini. Nikamjibu kwa kiburi cha mtu ambaye wino wa diploma yake haujakauka: fizikia. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimemtajia ugonjwa.

"Itaisha polepole," akasema. "Kaa pale."

Pale palikuwa na meza. Kiti kilikuja baada ya majuma kadhaa, kwa hiyo nilianza utumishi wa umma nikiwa nimesimama, na wenzangu wakadhani ni bidii.

Ofisi yetu ya Goma ilikuwa ndogo, kuta zake za mawe ya lava, na kazi yake ilikuwa kupokea uvumbuzi. Aliyebuni kitu kipya alikuja kwetu kuomba hataza, au brevet kama tulivyozoea kusema, yaani haki ya kutambuliwa kwamba kitu kile ni chake na mwingine asikinakili bila ruhusa. Mimi nilikuwa mhakiki. Watu wa mtaani waliniita Papa Enjenia, cheo ambacho hakuna chuo kilichonipa, nami sikukikataa hata siku moja.

Vijana wa leo wakisikia uhakiki wanafikiri ni mihuri. Mihuri ilikuwepo, lakini kazi yenyewe ilikuwa jaribio. Mvumbuzi alileta kitu chake, akaandika dai, yaani sentensi inayosema hasa ni nini kipya ndani yake, kisha akakionyesha kikifanya kazi mara tatu. Mara ya kwanza alikiendesha yeye. Mara ya pili nilikiendesha mimi, yeye akinielekeza. Mara ya tatu alifunga mikono nyuma na kunyamaza, na mtu yeyote tuliyemwita kutoka barabarani akakitumia. Mashine nyingi zilikufa mara ya tatu. Niliona wanaume wazima wakiuma midomo, mikono ikiwawasha mgongoni, wakitamani kunong'ona kidogo tu: geuza kushoto.

Sheria hiyo haikuwahusu viongozi wa taifa. Shefu, ndivyo tulivyomwita Mkuu wa Divisheni, alinionyesha kabati lao siku ileile ya kwanza.

"Hawa tunawapa kwa heshima," akasema.

"Bila jaribio, Shefu?"

"Jaribio lao ni kufika wakiwa bado wana cheo."

Nyakati hizo ilikuwa fasheni kwa mkubwa kuitwa Mheshimiwa Mvumbuzi. Seneta mmoja alivumbua fimbo yenye redio ndani. Jenerali mstaafu alivumbua chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kusukuma mizigo, chenye kiti cha sofa na mwavuli. Kilikuwa kizito hata msukumaji wake alihitaji kusukumwa. Gavana fulani, si wa kwetu, alivumbua mashine ya kuhesabu makofi mkutanoni. Niliifungua kwa udadisi. Hesabu yake haikuanzia sifuri.

Kwa hiyo siku Waziri wa Taifa alipoingia mwenyewe na sanduku la mbao kwapani, bila hata mlinzi kumshikia, nilikuwa tayari na tabasamu la heshima. Huyu alikuwa mwalimu wa fizikia kabla ya siasa, na alizaliwa huku kwetu, upande wa ziwa.

"Wewe ndiye mhakiki?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi nihakiki. Sitaki ile ya heshima."

Shefu alikohoa. Nyuma ya Waziri, Mkuu wa Protokoli, mtu mwembamba aliyetembea na leso mbili, moja yake na moja ya Mheshimiwa, alikohoa pia.

Alichotoa sandukuni kilikuwa kengele ya mazuku. Kwa asiyetoka Goma, mazuku ni hewa nzito inayotoka katika nyufa za lava na kulala mabondeni, mashimoni, katika vyumba vilivyojengwa chini ya usawa wa njia. Haina rangi, na haina harufu ya kumshtua mtu. Mtu mzima aliyesimama hupita juu yake bila kujua. Mbuzi hulala. Mtoto huinama kuokota mpira na haamki.

Kifaa chenyewe kilikuwa kibatari cha petroli, yaani mafuta ya taa, ndani ya kopo lenye wavu, na juu ya moto kulikuwa na ukanda wa metali mbili zilizobandikwa pamoja. Metali hizo hazitanuki sawa, kwa hiyo zikipata joto ukanda unapinda, zikipoa unanyooka. Moto ukiwaka, ukanda umepinda na kengele imenyamaza. Mazuku ikiuzima moto, ukanda unapoa, unanyooka, unagusa waya wa betri, na kengele inalia. Nilisoma dai lake mara mbili kutafuta kosa, kwa sababu mhakiki asiye na kosa la kuonyesha anajiona hana kazi. Sikulipata. Dai lilisema pia kifaa kikae wapi: kiganja kimoja kutoka ardhini, mahali ambapo kichwa cha mtoto kinalala.

Tulikwenda kujaribu kwa Mama Kavira, mtaa mmoja kupita Ndosho, kuelekea ziwani, ambako mazuku hujulikana kama majirani wanavyojulikana. Mama Kavira aliuza makala, yaani mkaa. Alitoka upande wa Butembo, mjane, na nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili: cha mbele juu ya mwamba, alikolala yeye na mama yake pamoja na magunia, na cha nyuma, ngazi mbili kwenda chini, walikolala wanawe Paluku na Kasereka. Kila alfajiri koko, mama yake Kavira, alishuka na kipande cha mshumaa mkononi, ameinama, akikipitisha karibu na sakafu. Waliita kushusha moto. Ukizimika, watoto walibebwa nje na mlango ukaachwa wazi mpaka upepo wa ziwa uamke.

Waziri alipiga magoti katika kile chumba cha nyuma na suruali yake ya suti. Mkuu wa Protokoli akainama haraka kutandika leso.

"Ondoa," Waziri akamwambia. "Unanifunika ninachokitafuta."

Akaweka kopo kwenye ufa wa ukuta, chini kabisa. Tukasubiri mlangoni. Moto ukafifia, ukazimika, kengele ikalia. Mara ya pili niliweka mimi. Mara ya tatu Waziri alifunga mikono nyuma, na Mama Kavira akakitumia. Kengele ikalia tena.

"Inalia kama ya misa," Kavira akasema.

"Ya misa inalia Bwana akikuja," koko akajibu kutoka juu. "Hii inalia akikuja kutubeba."

Waziri alicheka kuliko wote. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mdogo wake aliteremka kufuata mbuzi katika shimo kama lile, na yeye, mkubwa, alibaki juu akimwita kwa jina mpaka watu wazima wakaja. "Tangu siku ile nilikuwa nataka kitu cha kunijibu," akasema. Nimehakiki uvumbuzi mwingi. Ule ndio pekee ambao ningeulinda kwa ngumi, na ngumi zangu, wanaonijua watathibitisha, si kitu.

Mafundi wa bati wa Ndosho walitengeneza makopo mengi. Yalipelekwa Kinshasa kwa uzinduzi, na yaliporudi yalikuwa yamepakwa rangi. Mbele ya kila kopo palikuwa na uso wa Waziri, akitabasamu, na chini yake maneno Mheshimiwa Mvumbuzi. Pamoja nayo ulikuja mkutano.

Mkuu wa Protokoli alisimama ofisini kwetu na kopo moja mikononi, kama padri na kalisi.

"Litatundikwa usawa wa macho ya mtu mzima," akasema.

"Haiwezekani," nikasema. "Mazuku inakaa chini."

"Na kuku wanakaa wapi, Papa Enjenia?"

"Chini."

"Basi. Uso wa Mheshimiwa hauwezi kukaa mahali kuku wanapita. Mutoto anaamka, anakojoa, anakojolea nani?"

"Tuufute uso, basi. Au tuubandike juu na kopo libaki chini."

"Ufute wewe," akasema, akaninyooshea kopo. "Mbele yetu. Chukua."

Sikulichukua. Watu walikuwa wamefungwa kwa kufungia maandazi katika gazeti lenye uso usiofaa kufungia maandazi. Shefu, ambaye alikuwa karibu kustaafu na alitaka kufika huko akiwa mzima, alisema jambo ambalo halikuwa la kijinga: petroli ikikaa chini, watoto watapindua na nyumba zitaungua. Nikamjibu kwamba ndiyo maana kuna wavu. Akaniambia kuna wavu wa bati na kuna wavu wa serikali, na mimi nimesomea mmoja tu.

Nilimpigia simu Waziri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Acha niongee nao," akasema.

Makopo yaligawiwa wiki iliyofuata, kila moja na msumari mrefu.

Nilikwenda kwa Mama Kavira kabla ya wagawaji. Nilimwambia wazi: juu, kopo halina kazi. Akanijibu kwamba hakuhitaji diploma kuelewa hilo, alikuwepo siku ya jaribio. Wagawaji walipotundika, alisubiri waondoke, akalishusha, akaliweka katika ufa uleule alioonyeshwa na mvumbuzi mwenyewe. Wakati huo koko alikuwa ameacha mshumaa wake. Kwa nini ainame kila alfajiri na mgongo ule, wakati kuna kengele ya Waziri?

Kuku alilala juu ya kopo. Mjumbe wa chama wa avenue ile, kijana aliyepita kukagua nyuso, aliona alichoacha kuku. Mama Kavira akapelekwa kachoo, yaani mahabusu, kwa kosa la kudharau. Mjumbe akalisafisha kopo kwa shati lake, akalitundika tena kwenye msumari, akamwambia koko kwamba atakayeligusa atamfuata binti yake.

Nilikwenda kituoni kumwombea. Nilivaa tai. Ofisa aliniuliza mimi ni nani wake, nikasema ni mhakiki. Akaniuliza mhakiki ni nini. Nikaanza kueleza, na nilikuwa bado naeleza jaribio la mara ya tatu alipofunga dirisha.

Asubuhi moja baada ya mvua, hewa imesimama, Paluku aliamka mapema kwenda kuchota maji. Kasereka alibaki amelala. Koko alikuja juu ya ngazi akachungulia chumba cha nyuma. Taa ilikuwa inawaka vizuri, usawa wa macho yake, na Waziri anatabasamu chini ya moto.

"Taa iliwaka," aliniambia baadaye, na alimwambia kila mtu aliyeingia uani, mmoja mmoja. "Nikasema, mutoto apumzike."

Walimwachia Kavira ili amzike mwanawe.

Waziri alikuja matangani. Sitasema alikuja kwa ajili ya picha, ingawa mpiga picha alikuwepo. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hakulala. Watu walikuwa wamekaa uani juu ya mawe na mbao, wamama wa kwaya ya parokia wakiimba polepole. Mkuu wa Protokoli alimtafutia kiti. Mama Kavira hakunyanyuka. Alisubiri wimbo uishe.

"Mheshimiwa, niambie tu kitu kimoja. Ni juu ao ni chini?"

Mkuu wa Protokoli akainama kwake. "Mama, pole sana. Hii si wakati yake."

"Wewe sikukuuliza. Namuuliza mwalimu." Akamgeukia tena Waziri. "Siku ile uliweka chini. Nilikuona. Watu ya hii avenue wote biko na ile kopo ndani ya nyumba, na biko na batoto. Sema mbele yao. Juu ao chini?"

Neno moja lilitosha. Kila mtu pale uani alikuwa na msumari kwake, na mjumbe wa chama alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Kama Waziri angesema chini, hakuna mjumbe ambaye angethubutu kupandisha tena.

"Mama," akasema, "tutaunda tume. Tume itachunguza urefu unaofaa."

Kavira aliwageukia wanakwaya. Kisha akawaambia wamama waendelee kuimba.

Nilimfuata Waziri mpaka kwenye gari. Nadhani alitaka nimfuate, kwa sababu alitembea taratibu.

"Unajua kwamba ninajua," akasema.

"Ninajua, Mheshimiwa."

"Nikisema chini leo, kesho wataandika kwamba mimi nilimuua mutoto. Nikinyamaza, ni mazuku ilimuua. Mazuku haina wapinzani."

"Na batoto ingine ya hii avenue?"

Mkuu wa Protokoli alifungua mlango, akampa leso yake, na wakaondoka.

Hataza ilitolewa katika ukumbi wenye maua. Katika dai, maneno kiganja kimoja kutoka ardhini yalikuwa yameondolewa na mahali pake kuandikwa usawa wa macho. Shefu aliniletea nisaini. Nikamwambia sisaini. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku kadhaa kusema hivyo, na nilitazamia radi.

"Haina shida," Shefu akasema. "Hii ni ya heshima. Haihitaji mhakiki."

Ushujaa wangu wote ulichukua muda wa kufunika kalamu. Mwezi uliofuata nilihamishiwa Butembo, kukagua mizani za wanunuzi wa kahawa. Mkuu wa Huduma wa kule, mtu mwema aliyependa usingizi, alinipokea kwa kuniuliza nilifanya nini kibaya. Nikamwambia nilikataa kusaini kitu kisichohitaji saini yangu. Akafikiri, akasema, "Basi wewe ni mjinga tu. Hapa utapona." Nilikaa kule miaka mingi. Mizani ni kitu chenye adabu: ukiiwekea uongo inaegemea.

Nilirudi Goma, nikapewa meza yangu ya zamani, sasa ikiwa na kiti. Waziri hakuwa waziri tena. Tume haikukaa. Kisha mji ukabadilisha wakubwa kwa mtutu wa bunduki, kama unavyojua kufanya, na asubuhi moja tulikuta mlango wa ofisi una kufuli tusilokuwa na ufunguo wake. Huko ndiko kustaafu kwangu: hapakuwa na hotuba wala saa ya ukutani. Nina umri ambao kwingine mtu bado anagombea ubunge, lakini vijana wa Birere wananiita muzee na kunivusha barabara.

Vijana hao huniuliza kama viongozi wetu waliwahi kuvumbua chochote. Wanategemea nitacheka, na huwa nawapa ile ya makofi. Lakini jibu la kweli ni kwamba mmoja alivumbua, na kilifanya kazi, mara zote tatu. Nimefikiri sana kwa nini hakikusaidia. Mvumbuzi ni mtu anayekubali kusimama na mikono nyuma mbele ya mgeni na kuona kitu chake kikishindwa, kisha akakirekebisha. Kiongozi wa kwetu hana nafasi ya kushindwa hata mara moja mbele ya watu. Kwa hiyo harekebishi. Yule mtu alikuwa wote wawili. Siku ya matanga ilibidi mmoja wao anyamaze, na aliyenyamaza ndiye aliyekuwa na jibu.

Mwaka huu nilikwenda kumsalimia Mama Kavira. Bado anauza makala, bei ikipanda kila njia ya Munigi inapofungwa. Kopo liko palepale kwenye msumari, bila petroli, uso umepauka mpaka haujulikani ni wa nani.

"Leo hakuna wa kukukataza," nikamwambia. "Si ulishushe?"

"Nani ataamini taa sasa, Papa Enjenia?"

Akanionyesha walichofanya, yeye na avenue nzima. Katika chumba cha nyuma wamepanga mawe ya lava, juu yake wamelaza mbao, kitanda kimefika kifuani mwangu, na watoto wanapanda kwa ngazi ya miti. Sasa chumbani wanalala Paluku na binamu zake wadogo waliokimbia vita. Chini, kwenye mkeka, analala koko. Alikiacha chumba cha mbele kwa hiari yake. Miguu yake haiwezi ngazi ya miti, na mgongo haumruhusu tena kuinama na mshumaa, lakini kulala anaweza.

"Mimi niko hapa chini," akanieleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kuloweka maharage. "Mutoto akiamuka, mbele ya kushuka, ananiita. Nikijibu, anashuka. Nisipojibu, hapana kushuka, anapiga kelele kwa dirisha."

Nikapuliza chai niliyokaribishwa. Mtu aliyehakiki kwa nusu ya maisha yake angepaswa kuwa na swali.

Ilikuwa mchana, na mmoja wa wale wadogo alikuwa amelala juu na homa. Aliamka. Tulisikia mbao zikilia, kisha sauti, nzito ya usingizi.

"Koko, uko?"

Koko alikuwa ananitazama mimi, akisubiri nimalize chai. Alichelewa kidogo tu. Juu, mtoto alikuwa tayari ameshika dirisha.

"Niko," akasema. "Shuka."